Somo: Kuendesha simu yako ukiwa mbali kupitia handaki la SSH

Wengi mmeniuliza namna ya kuona na kuendesha simu ya Android iliyobaki dukani Kariakoo huku mwenyewe uko nyumbani Mbezi na laptopu yako. Programu za kufanya hivyo ni rahisi kupata. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi watu wanavyoziacha wazi.

VNC, mfumo wa kuona na kuendesha skrini ya kifaa ukiwa mbali, ilitengenezwa kwenye maabara ya utafiti Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. VNC ya kawaida haisimbi (haigeuzi kuwa msimbo usiosomeka) picha ya skrini wala herufi unazobonyeza, na nywila yake ya asili huishia herufi 8. Ukiandika 15, saba za mwisho ni bure. Ukiitumia kwenye waifai ya mgahawa pale Posta, mtu mwenye ujuzi aliye kwenye waifai hiyohiyo anaweza kunasa mazungumzo yote kati ya simu na laptopu. Ndiyo maana tunaipitisha ndani ya handaki la SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kifaa kilicho mbali, ambayo Tatu Ylönen aliiandika Finland mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na nywila kunaswa.

Hatua ya 1: SSH kwenye simu

Pakua Termux (programu ya kuandikia kamandi kwenye Android) kutoka F-Droid (duka la programu huria), kisha andika:

pkg update
pkg install openssh
passwd
whoami
sshd

`passwd` inakuwekea nywila ya muda, `whoami` inakupa jina la mtumiaji, mfano u0_a215, na `sshd` inawasha SSH upande wa simu. Ndani ya Termux, SSH husikiliza kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) 8022, si 22 iliyozoeleka.

Hatua ya 2: Hakikisha simu ni yako

Hapa naomba tutulie, maana hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mara ya kwanza laptopu inapoifikia simu, itakuonyesha alama ya utambulisho inayoanza na SHA256 na kukuuliza kama uendelee. Karibu kila mtu anaandika yes bila kusoma. Ukifanya hivyo, handaki litasimbwa vizuri kabisa, lakini huna uhakika upande wa pili kuna nani. Mtu aliyejiweka katikati atapokea kila kitu kikiwa kimefunguliwa.

Kwa hiyo kwanza, ukiwa umeishika simu mkononi, andika kwenye Termux:

ssh-keygen -lf $PREFIX/etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Linganisha herufi kwa herufi na kile laptopu itakachoonyesha kwenye hatua ya 3. Zikifanana, kubali. Siku yoyote laptopu ikilalamika kwamba alama imebadilika na wewe hujasakinisha Termux upya, acha hapohapo.

Hatua ya 3: Ufunguo badala ya nywila

Kwenye laptopu, vyote viwili vikiwa kwenye waifai ya nyumbani:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id -p 8022 u0_a215@192.168.1.20

Weka anwani ya simu yako badala ya hiyo. Ufunguo nao upe nywila yake. Ukishaingia kwa ufunguo, fungua faili la `$PREFIX/etc/ssh/sshd_config` kwenye simu, weka `PasswordAuthentication no`, kisha `pkill sshd` na uwashe tena. Kuanzia hapo anayebahatisha nywila hapati kitu.

Hatua ya 4: Programu ya skrini

Sakinisha droidVNC-NG (programu ya VNC ya upande wa simu), ipe ruhusa inazoomba, weka nywila, acha poti 5900. Toleo lako likikuruhusu kuchagua mahali pa kusikiliza, chagua 127.0.0.1 (anwani ambayo kifaa hujiita chenyewe) ili isikubali mgeni yeyote kutoka nje ya simu. Jipime: chukua kifaa kingine kwenye waifai hiyohiyo, jaribu kuingia moja kwa moja kwenye poti 5900. Kikifika kwenye ombi la nywila, mlango uko wazi. Tumia programu hiyo kwenye ruta yako mwenyewe tu, na uizime ukimaliza.

Hatua ya 5: Handaki

ssh -p 8022 -N -L 5901:127.0.0.1:5900 u0_a215@192.168.1.20

Acha dirisha hilo wazi. Fungua TigerVNC (programu ya VNC ya kutazamia kwenye laptopu) na uandike `localhost::5901`, nukta pacha mara mbili. Unachokifungua kiko kwenye laptopu yako mwenyewe. SSH ndiyo inayokibeba hadi ndani ya simu.

Hatua ya 6: Ukiwa mbali kweli

Simu inayotumia bando kwa kawaida haina anwani ya peke yake. Kampuni ya simu inawagawia wateja wengi anwani moja, hivyo huwezi kuipigia kutoka nje. Suluhisho ni simu yenyewe ianze safari. Kodi seva ndogo ya Linux, tengeneza ufunguo wa simu, usajili kwenye seva, halafu kwenye Termux:

termux-wake-lock
ssh -N -o ServerAliveInterval=60 -R 8022:127.0.0.1:8022 mimi@seva-yangu

Kwenye laptopu:

ssh -J mimi@seva-yangu -p 8022 -N -L 5901:127.0.0.1:5900 u0_a215@127.0.0.1

Napenda mpangilio huu kwa sababu usimbaji unaanzia laptopu na kuishia kwenye simu. Seva inapitisha tu. Hata mwenye seva haoni skrini yako. Linganisha tena alama ya utambulisho, ni ileile ya hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

Tegeta: Mwalimu, nikiwasha VPN ya bure si inatosha?

Hapana, kaka. VPN ya namna hiyo inakulinda kutoka laptopu hadi kwa mwenye VPN. Kutoka kwake hadi kwenye simu, VNC inasafiri uchi kama kawaida.

Mwenge: Mimi ni wakala wa miamala. Naweza kupiga *150*00# kwa njia hii?

Dada yangu, nakushauri usifanye. Kwenye simu nyingi namba ya siri unayoiandika kwenye menyu hiyo huonekana wazi kwenye skrini, na aliyekaa mbele ya simu kibandani anaisoma. Handaki linalinda njia. Haliwezi kuficha kioo.

Mbagala: Simu anaitumia kijana wangu wa dukani. Nimwambie?

Lazima umwambie, na akubali. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zaidi ya sheria, ni haki yake kujua kwamba unaiona skrini anayoitumia.

Kigamboni: Inaandika "Connection refused".

Umeifika simu, ila sshd haijawaka au poti umekosea. Ingekuwa "timed out", shida ni njia: anwani au waifai. Kama inakatika baada ya muda, ondoa Termux kwenye orodha ya programu zinazozimwa ili kuokoa betri.

Ubungo: Na simu ikiibwa kwenye daladala?

Ingia kwenye seva upesi, fungua `~/.ssh/authorized_keys`, futa mstari wa ufunguo wa simu hiyo, kisha ukate muunganisho uliobaki hai. Na tangu siku ya kwanza, mwanzoni mwa mstari huo andika `restrict,port-forwarding,command="/bin/false"`, ili ufunguo huo usiweze kuendesha kamandi yoyote kwenye seva. Ufunguo wa laptopu uwe tofauti na wa simu, usiugawe, ili kufuta mmoja kusikufungie nje wewe mwenyewe.