Jinsi ya kuchagua boti ya kuvulia sangara Entebbe na Ssese, hatua kwa hatua

Uganda haina bahari, lakini anayesimama ufukweni Entebbe akatazama kusini haoni ng'ambo. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mawimbi yake huzamisha boti kama ya baharini. Ndiyo maana kukodi boti ya uvuvi wa starehe si sawa na kukodi teksi. Wageni wengi huuliza bei kwanza, kisha picha za samaki, na mambo yanayoamua siku yao itakuwaje hawayaulizi kabisa. Mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu simu ya kwanza mpaka injini inapowashwa gatini.

Hatua ya 1: Amua samaki gani, maji gani

Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, ndiye anayetafutwa na wengi. Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950. Kwao kwa asili ni Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Mtu anayetaka kuvua Murchison afahamu kwamba hiyo ni safari nyingine kabisa: ni ndani ya hifadhi, kibali cha kuvua hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na mamba na viboko wako hapo hapo unaposimama. Usikubali mtu akuambie kibali mtakimaliza huko huko mkifika.

Ukiwa na watoto wadogo, mwache sangara. Omba saa mbili tatu za ngege, yaani sato, karibu na miamba, kwa ndoano ndogo na minyoo. Mtoto hachoki, na hamwendi mbali na nchi kavu.

Kwa sangara wa ziwani, boti nyingi hutoka Entebbe, Munyonyo au Ggaba kuelekea visiwa kama Ngamba, Bulago na Koome. Wengine hulala Kalangala, kisiwani Bugala katika visiwa vya Ssese, wakavulia huko huko. Ngamba iko kilomita 23 kutoka Entebbe, na boti yenye kasi hufika kwa chini ya saa moja. Faida ya kulala kisiwani ni kwamba saa mbili za kwenda na kurudi unazitumia kuvua, na upepo wa mchana ukianza hulazimiki kuvuka maji mapana. Kwa mwenye siku mbili, hilo ndilo tunalopendekeza.

Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa mara nyingi. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ni misimu ya mvua na radi. Samaki wapo mwaka mzima, lakini ratiba yako iwe na siku moja ya akiba ndani yake.

Hatua ya 2: Piga simu, uongee na kapteni mwenyewe

Mara nyingi anayepokea simu ni dalali au mtu wa mapokezi ya hoteli. Mshukuru, kisha omba kuzungumza na atakayeshika usukani siku hiyo. Usianze na bei. Anza hivi:

"Habari za leo, ssebo. Nataka kutoka Jumamosi, tuko watu wanne. Mnavulia wapi sana, na kina cha hapo ni mita ngapi?"

Anayejua kazi atajibu kitu kama hiki: "Tunaanzia miamba ya kisiwa, pale maji yanaposhuka kutoka mita nne mpaka kumi na mbili. Upepo ukigeuka tunahamia upande wa pili." Sangara hupenda kuvizia kwenye kingo za namna hiyo, pale mwamba unapokatika ghafla na samaki wadogo wanapita juu. Anayekujibu "samaki wako kila mahali, boss, usijali" hajakuambia lolote.

Swali la pili ni hili: "Mara ya mwisho dhoruba ilipowakuta ziwani mlifanyaje?" Kapteni mzoefu ana jibu tayari, na mara nyingi halina ushujaa wowote: walijificha nyuma ya kisiwa fulani, wakangoja, wakachelewa kurudi. Akisema haijawahi kumkuta, ama hana muda mrefu ziwani ama hasemi kweli.

Uliza pia injini ni ya nguvu farasi ngapi na kama kuna ya pili ya akiba, abiria wanaoruhusiwa ni wangapi, na kama boti ina leseni ya kubeba abiria. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka hivyo, na mwenye leseni haoni shida kukutumia picha yake. Kuhusu samaki, jihadhari na anayekuahidi. Siku nzuri kabisa bado inaweza kwisha bila mguso hata mmoja, na kapteni mwaminifu atakuambia hilo kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Nenda ukaione boti siku moja kabla

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, si mbali na ufuko, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi na haikuwa na leseni. Nusu saa ya kukagua si kumvunjia mtu heshima.

Anza na maboya ya kujiokolea. Usihesabu tu, chukua moja mkononi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikibaki imebonyea, au ikitoa maji, hilo halitakubeba. Vuta kila mkanda kwa nguvu na ufunge kila kifungo, kwa sababu vifungo vya plastiki vilivyokaa juani miaka huvunjika kimyakimya siku unapovihitaji. Soma lebo ya uzito upande wa ndani. Kisha livae, ukaze, umwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako, na majini litakuvuka kichwa. La mtoto lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Pasipo la saizi ya mtoto, mtoto haendi.

Sasa tazama chini ya mbao za kukanyagia. Maji kidogo ni kawaida. Maji yenye utando wa petroli ni hatari, maana yake kuna bomba linalovuja karibu na cheche. Kama boti ni ya mbao, pitisha kidole kwenye kalafati kati ya mbao na mbao: pamba inayoning'inia au lami iliyopasuka ina maana kwamba boti itaanza kunywa maji ikipigwa na wimbi. Omba pampu ya kutoa maji iwashwe ukiwa hapo. Kizima moto kiwe na mshale kwenye kijani. Kuwe na makasia mawili, ndoo, na nanga yenye kamba isiyopungua mita 50. Kamba fupi haizuii boti kwenye upepo, kwa sababu nanga huvutwa kwenda juu badala ya kulala chini na kushika.

Halafu mafuta. Hapa piga hesabu pamoja na kapteni bila haya. Injini ya nguvu farasi 40 ikikimbia kwa kasi yote hula takriban lita 15 kwa saa, na ikikokota chambo polepole lita 4 hivi. Saa moja kwenda na saa moja kurudi ni lita 30. Saa tano za kuvua ni lita 20. Jumla 50. Ongeza nyingine 20 za akiba, kwa sababu kurudi dhidi ya mawimbi hula zaidi, na huenda mkalazimika kuzunguka dhoruba. Kwa hiyo mnahitaji lita 70 ndani ya boti kabla ya kutoka. Kapteni anayesema "arobaini zinatosha" anapanga siku ambayo kila kitu kitakwenda sawa. Kama injini ni ya kuchanganya petroli na oili, uliza kama akiba nayo imekwisha kuchanganywa.

Mwisho wa ukaguzi, omba kuona kisanduku cha vipuri: plagi, spana yake, na pini ya propela. Magugu maji hujisokota kwenye propela, na pini ikikatika injini inanguruma huku boti haisogei. Kuibadilisha ni dakika kumi kwa aliye nayo.

Hatua ya 4: Kagua zana za kuvulia

Mdomo wa sangara ni kama msasa. Haukati mshipi mara moja, unausugua mpaka ulegee. Kwa sababu hiyo mshipi mkuu uwe wa kusokotwa wa ratili 50 hadi 80, na mbele yake kipande cha nailoni nene cha ratili 100, chenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Shika kipande hicho, kipitishe taratibu kati ya kucha mbili. Ukisikia mikwaruzo, omba kibadilishwe mbele yako. Samaki wengi wakubwa hupotea kwa mkwaruzo ambao mtu aliusikia na kuupuuza.

Breki ya rili ifungwe kwa theluthi moja au robo ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa ratili 50, hiyo ni kilo 6 hadi 7. Funga mzani wa kupimia samaki kwenye ncha, vuta, usome. Breki ikikaza zaidi ya hapo, sangara akiruka na kutikisa kichwa ndoano hunyooka. Ikilegea mno, atakimbilia miambani na kukata mshipi huko.

Chambo bandia cha sentimita 15 hadi 20 kinachopiga mbizi mita 3 mpaka 8 kinatosha, kikikokotwa mita 25 hadi 40 nyuma ya boti kwa mwendo wa kilomita 5 hivi kwa saa. Fimbo nne ndiyo mwisho. Boti inayotundika sita inapendeza kwenye picha, lakini ikikata kona kila kitu kinafungamana na nusu saa inapotea.

Muulize kapteni anampandishaje samaki. Kama unataka kumrudisha majini, kuwe na wavu mkubwa wa kuopolea au koleo la kushika taya, wala si kulabu. Vidole visiingie chini ya kifuniko cha shavu, kuna makali. Kina nacho kina maneno yake hapa: sangara aliyevutwa haraka kutoka maji marefu huja na kibofu cha hewa kimevimba, na ukimwachia huelea tumbo juu na kufa. Anayetaka kuvua na kuachia avulie mita chache, pembeni mwa miamba. Chini ya inchi 20, yaani sentimita 50, kisheria haruhusiwi kubaki botini, na askari wa doria ya uvuvi hawaangalii kama wewe ni mtalii. Wale wakubwa kabisa wengi ni majike wenye mayai, tunaomba uwaachie.

Hatua ya 5: Andikianeni bei kwa ujumbe

Maneno ya simu husahaulika. Tuma ujumbe wenye mambo haya, naye ajibu kwamba amekubali: saa za kutoka na kurudi, mafuta yamo au hayamo, chakula na maji ya kunywa, nani analipa chambo kilichopotea, na dhoruba ikizuia safari kama pesa inahamia siku nyingine au inarudi. Malipo ya kwanza yasizidi theluthi. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

Tena kuna jambo la samaki mwenyewe. Ni wa nani? Kawaida hutofautiana boti na boti. Na bondo je, yaani kibofu chake cha hewa, ambalo huku wengi huliita nuuni? Bondo la sangara likikaushwa huuzwa ghali kuliko nyama yake kwa uzito ule ule, na ugomvi mwingi gatini huanzia hapo. Sema mapema: "Nyama tutagawana, nuuni ni yenu," au vyovyote mtakavyopatana.

Hatua ya 6: Alfajiri ya safari

Mvua za radi juu ya ziwa hili hupenda kujijenga usiku na kumwagika kabla au baada ya mapambazuko, na upepo wa kutoka ziwani huanza kusukuma mawimbi kuelekea Entebbe kuanzia mchana. Dirisha zuri ni kati ya hapo. Saa kumi na moja alfajiri toka nje, utazame kusini. Ukiona umeme unamulika, mpigie kapteni kabla ya kuondoka hotelini, na soma pia utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda. Akisema mngoje, ngojeni. Akisema hamtoki leo, mshukuru na umwekee siku nyingine, kwa sababu amekubali kukosa riziki ya siku nzima ili msizame.

Pandia gatini. Usivuke kwenye matete kwa miguu mitupu, konokono wa kichocho hukaa humo. Ukilowa miguu huko, pima baada ya wiki 6 hadi 8 hata kama hujisikii vibaya. Beba shati la mikono mirefu, maana jua la ikweta juu ya maji huunguza hata mawingu yakiwepo, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo mkikutana na wingu la sami, wale wadudu wadogo wa ziwani.

Maboya yavaliwe kabla kamba haijafunguliwa. Kisha injini iwashwe, nawe inama utazame nyuma yake: kuna tundu dogo linalotema maji kama mkojo wa mtoto. Hayo ndiyo maji yanayopoza injini. Yakitoka kwa nguvu na bila kukatika, twendeni. Yasipotoka ndani ya dakika moja, mwambie kapteni azime. Mara nyingi ni tope au kipande cha gugu kimeziba, na waya mwembamba unalizibua. Akilizibua na bado hakutoki kitu, huenda pampu ya ndani imekufa, na injini hiyo isiondoke gatini siku hiyo.