SOMO: Kukagua saa ya mkononi ya Seiko 5 ya zamani kabla hujatoa hela

Kila wiki naletewa picha na swali lilelile, "mkuu, hii nzima?" Naandika mara moja, hifadhini.

1. Kioo na mkanda: mikwaruzo isikutishe, vyote hubadilishwa.

2. Itikise nusu dakika. Mshale wa sekunde uanze wenyewe. Zenye mashine ya 7009 hazijazwi kwa ufunguo (kile kitufe cha pembeni), usihangaike kuuzungusha.

3. Vuta ufunguo, peleka mishale mbele mpaka siku na tarehe zibadilike.

4. Uso. Hapa ndipo nilipopigwa. Niliikuta Kariakoo jioni, uso wa buluu unawaka kama umetoka kiwandani jana, nikatoa 85,000. Nyumbani nikaweka lenzi: herufi za AUTOMATIC zimevimba, na ukingoni chini ya 6 patupu. Uso halisi una maandishi madogo mno pale, yakiwemo namba ya mashine, na tarakimu zake nne za kwanza zinalingana na nne za kwanza za namba ya modeli kwenye mfuniko wa nyuma. Uso uliopakwa rangi upya huyapoteza, au huyarudisha yakiwa manene. Mfuniko umelika, uso mpya kabisa? Shtuka. Nenda mchana, nenda na lenzi.

5. Mfuniko ufunguliwe mbele yako. Kutu kwenye kijiti cha ufunguo ni maji. Muuzaji akigoma, ondoka.

MASWALI

— Mkuu, hii nzima? (picha)
Hatua ya 4 na ya 5. Hapo naona mkono wako tu.

— Ila inatembea vizuri, si inatosha?
Haitoshi. Ile yangu nayo ilikuwa inatembea.

— Namba ndefu ya mfuniko inaanza na 82. Inasema chochote?
Swali zuri sana. Tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: Februari, 1978 au 1988 kwa 7009. Novemba huandikwa N, Desemba D. Nitumie picha ya uso, tuitafute pamoja.

— Nyongeza: tusibadili tarehe kwa ufunguo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno hukatika.
Kweli kabisa. Na ikianza ghafla kukimbia mbele dakika kadhaa kwa siku, isogeze kwenye dira. Sindano ikicheza, imeshika sumaku. Fundi mwenye kifaa anaitoa papo hapo, usikubali kulipia sevisi nzima.