Kiunzi cha mfupa kutokana na tufaa: namna ninavyokitengeneza

Kwanza tuelewane tunatengeneza nini. Mfupa uliovunjika huunga wenyewe ukinyooshwa na kushikwa vizuri. Shida huja pale kipande kinapokosekana kabisa: bodaboda kaburuzwa Barabara ya Mandela, muundi umesagika, daktari kasafisha kidonda na pamebaki pengo. Likizidi ukubwa fulani, mwili hauwezi kulijaza. Njia ya kawaida ni kuchota mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuuhamishia pale, kwa hiyo anaondoka na vidonda viwili. Kiunzi ni jitihada ya kupata kijazio kisichodai kidonda cha pili: kitu chenye vitundu ambamo seli shina zitaingia, zigeuke seli za mfupa na kuweka madini.

Tufaa, yaani epo, limeingiaje? Mwaka 2014, Andrew Pelling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walionyesha kwamba ukiondoa seli za tufaa na kubakiza kuta zake za selulosi, yaani nyuzi zinazoupa mmea umbo, seli za mamalia hukubali kuishi humo. Vitundu vyake vina upana wa takriban mikromita 100 hadi 200, na mfupa hupenda vitundu vya kiasi hicho. Baadaye viunzi vya namna hii vilijaribiwa kwenye mafuvu ya panya wa maabara. Kwa binadamu bado. Mwenye pengo mguuni aende MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, asije kuniomba kipande cha tufaa. Nasema hivi kwa sababu wameshaniomba.

Nunua epo ngumu, isiyo na doa la kubonyea. Epo nyingi za Kariakoo hutoka Afrika Kusini na huwa zimepakwa nta, kwa hiyo menya. Tumia nyama ya katikati kati ya ganda na kokwa. Kata vipande vya unene wa milimita moja na kidogo kwa kile kikwangulio cha kukatia karoti za kachumbari, maana mkono wa kisu haulingani. Vitumbukize kwenye maji papo hapo visigeuke kahawia. Tufaa lililolainika liachie watoto wa jirani. Likitikiswa litakuwa uji.

Sasa sabuni. Tunatumia sodiamu dodesili salfeti, SDS, kwa asilimia 0.1, yaani gramu moja kwa lita ya maji yaliyochujwa. Vaa barakoa unapopima, unga wake unapaa na kuwasha pua. Weka vipande humo kwenye mashine ya kutikisa polepole kwa siku mbili, ukibadilisha sabuni kila inapochafuka. Hapa Dar kuna mtego mmoja: mtu akishusha kiyoyozi hadi 16 ili chumba kipoe, SDS inaweza kuganda na maji yakawa meupe kama tui. Haijaharibika. Zima kiyoyozi, iache ipate joto, itayeyuka. Umeme ukikatika, tikisa kwa mkono kila unapopita.

Utajua imekubali kipande kinapopoteza rangi ya maziwa na kuwa kama kioo chenye ukungu: ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi. Lakini macho hayatoshi. Pima DNA iliyobaki. Kiwango kinachokubalika na wengi ni chini ya nanogramu 50 kwa miligramu moja ya kipande kikavu.

Kusuuza ndiko kazi yenyewe, na ndiko wanafunzi wanakokimbia. Sabuni iliyopasua seli za tufaa haichagui. Ikibaki kwenye vitundu itapasua na seli shina zako. Suuza kwa maji yaliyochujwa mara nyingi, kisha loweka usiku kucha kwenye kloridi ya kalsiamu ya milimola 100, inayosaidia kung'oa SDS iliyong'ang'ania selulosi. Soma lebo ya chupa kabla ya kupima: ile kavu kabisa ni gramu 11.1 kwa lita, yenye molekuli mbili za maji ni gramu 14.7. Suuza tena kwa maji. Usirukie PBS, yaani maji ya chumvi yenye fosfeti, kwa kuwa kalsiamu ikikutana na fosfeti unapata vumbi jeupe ndani ya kiunzi. Kipimo changu cha mwisho ni cha kishamba: natia maji ya kusuuzia kwenye kijichupa, natikisa kwa nguvu. Povu likisimama, narudi kusuuza.

Ua vijidudu kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha toa ethanoli yote kwa PBS safi.

Kuanzia hapa unahitaji kabati safi la maabara, lile la hewa iliyochujwa, inkyubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, na kama seli zimetoka kwa mtu, kibali cha maadili. Wanaoanza watumie seli za panya ziitwazo MC3T3-E1, zinavumilia mikono mizito. Selulosi haina mahali pa seli za mnyama kushika, hivyo paka kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa, au loweka kwenye media (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu, yaani majimaji ya damu. Dondoshea seli zikiwa kwenye tone dogo, mikrolita 40 hivi, acha saa chache zishike, ndipo ujaze media. Ukijaza mapema zote zinaelea na kutua chini ya sahani. Zikishaenea, badilisha uweke media yenye vitamini C, beta-gliserofosfeti na deksamethasoni, vya kuzisukuma ziwe mfupa na kuweka madini, wiki tatu hadi nne.

Usitegemee ugumu. Kiunzi hiki ni laini mno, mzigo wa mguu utabebwa na chuma cha daktari. Na mwili hauna kimeng'enya cha kuyeyusha selulosi, kwa hiyo kitabaki mle. Wapo wanaoliona hilo kama faida; mimi kwa mfupa sijashawishika.

Mwisho, rangi ya alizarini: nyekundu maana yake kalsiamu ipo. Ila wewe mwenyewe uliloweka kipande kwenye kalsiamu! Kwa hiyo weka kando vipande visivyo na seli, vipitie hatua zote na media ileile, vipakwe siku moja na vingine. Navyo vikiwa vyekundu kama vyenye seli, hujatengeneza mfupa.