Agapetes: usifukie ule "muhogo" wake

Ukibahatika kupata mche wa Agapetes serpens, kichaka cha maua, usiupande kama unavyopanda mchicha. Ni ndugu wa bluberi, ila kwao Himalaya huota juu ya miti na miamba. Haunyonyi mti, unajishikiza tu, na mizizi yake imezoea hewa.

Chini ya shina kuna uvimbe mnene kama muhogo. Hiyo ndiyo akiba yake ya maji. Mche wangu wa kwanza niliufukia uvimbe wote, tena kwa udongo wa bustani (ujuaji mwingi!). Wiki chache baadaye nikaubonyeza, kidole kikazama, umeoza. Wa pili uko kwenye kikapu cha kuning'inia: magome ya msonobari vipande vidogo kama kucha, mawe ya pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu), na mboji ya majani kiasi. Nusu ya muhogo iko juu. Unapata jua la asubuhi tu, maana joto kali haulipendi.

Mwagilia maji ya mvua. Ya bomba yakiwa na chokaa, majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, vilevile kama bluberi. Majivu usiweke kabisa, nayo yana chokaa.

Matawi yakirefuka na kuinama, usiwahi kushika mkasi. Ndiyo yanayobeba maua: vitaa vyekundu vimening'inia kwa safu, na ukisogea karibu unaona michirizi iliyokolea yenye umbo la V. Ukitaka kupogoa, ngoja maua yaishe.