Ndoo moja ya kupimia tope la chujio la mchanga
Ukitaka kujua chujio limetoa tope kiasi gani linapooshwa kwa maji ya kinyume (yanayosukumwa kutoka chini kwenda juu), usitegemee chupa moja. Maji ya mwanzo hutoka meusi tititi, ya mwisho karibu meupe, kwa hiyo jibu litategemea tu ulichota saa ngapi. Chota kikombe kilekile kila sekunde 30 kwenye mfereji wa maji machafu, tangu maji yanapoanza kumwagika hadi pampu izimwe, vyote umimine ndoo moja. Koroga sana, kisha peleka maabara sampuli moja tu ikachujwe, ikaushwe na kupimwa uzito.

Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa mita ya ujazo, basi hesabu ni nyepesi: pampu ya mita za ujazo 600 kwa saa ikiosha dakika 8 imepitisha mita za ujazo 80, maabara ikisoma miligramu 250 kwa lita, ni 80 mara 250, gramu 20,000, yaani kilo 20.

Njia hii inakubali pale tu kasi ya maji haibadiliki. Kama mnaanza polepole halafu mnaongeza, chota zaidi kasi inapokuwa kubwa, kwa uwiano uleule. Angalia pia chini ya ndoo: punje zinazokwaruza vidoleni ni mchanga wa chujio lenyewe, zitakuza uzito bure, na hapo kasi ya kuoshea ndiyo ya kushughulikia kwanza.