Ukikutana na Trepov, kwanza muulize mwaka

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kirusi niliandika kwenye insha kwamba Vera Zasulich, mwanamapinduzi wa Urusi, alimpiga risasi mke wa Trepov. Kitabuni palikuwa na "Trepova", nami nilishafundishwa kuwa wanawake wa Kirusi hutia a mwishoni mwa jina la ukoo. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Basi ukiona Trepova, tazama kitenzi kwanza. Kirusi hunyambua hata majina ya watu: mwanamume akitendwa jambo, naye huitwa Trepova.

Kwa kawaida ningekwambia ushike jina la baba, ile -ovich, ambayo ni kama bin yetu. Kwa ukoo huu wa Trepov, baba na wanawe waliokuwa wakubwa serikalini Urusi ya zamani, haifui dafu. Mzee ni Fyodor bin Fyodor. Mwanawe mmoja ni Fyodor bin Fyodor vilevile, na Dmitri, Vladimir na Aleksandr nao ni Fyodorovich. Shika mwaka, mji na cheo.

Ukisoma St. Petersburg ya miaka ya 1870, huyo ni mzee, mkuu wa mji. Julai 1877 aliamuru mfungwa wa kisiasa, Bogolyubov, achapwe viboko kwa kutomvulia kofia. Januari 1878 Vera akaja ofisini kwake kama mtu aliyeleta ombi, akamfyatulia bastola. Mzee alipona. Vera hakukana kufyatua, lakini raia 12 waliokaa kuamua kesi wakamwachia huru. Mimi kila nikiisoma kesi hiyo naifikiria ile kofia.

Moscow, mkuu wa polisi, 1896 hadi 1905: Dmitri. Ndiye huyohuyo utakayemkuta Petersburg Oktoba 1905, akiamuru askari wasibanie risasi. Gavana mkuu wa Kiev kabla ya Vita vya Kwanza ni Fyodor mdogo. Waziri mkuu wa mwishoni mwa 1916, aliyedumu wiki kama saba tu, ni Aleksandr.

Tarehe zikigongana usihangaike. Kalenda ya Urusi ya zamani ilikuwa nyuma siku 12 katika karne ya 19, na 13 katika ya 20. Risasi ya Vera ni Januari 24 kwao, Februari 5 kwingineko.

Na magazeti ya zamani ya Ulaya huandika Trepoff. Ni walewale.