Kupiga potreti ndani ya jimu: anza na dirisha

Jimu nyingi za mitaani Dar es Salaam zina taa za tyubu darini, kioo ukuta mzima na dirisha moja au mawili pembeni. Anayejifunza kupiga picha akiingia humo hukimbilia vyuma na misuli. Nakushauri uanze na dirisha, kwa sababu ndilo litakalokupa sura ya mtu.

Hatua ya 1: Ruhusa. Zungumza na mwenye jimu, halafu na unayempiga, halafu waambie waliopo. Nenda saa nane au saa tisa mchana; jioni pamejaa. Wapo wanaofanya mazoezi bila kutaka mtu awaone, na kuwanasa nyuma ya picha ya mwingine ni kuwavunjia heshima.

Hatua ya 2: Zima taa. Mwanga wa tyubu huwa na ukijani, wa dirishani una rangi nyingine. Vikikutana usoni, shavu moja linaonekana kama la mgonjwa, na kulirekebisha kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha. Omba taa za upande wako zizimwe. Msogeze mtu wako hatua mbili kutoka dirishani, bega moja lielekee nje. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe.

Zisipozimika, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupepesa mara 100 kila sekunde. Ukipiga kwa spidi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde unaweza kupata mistari ya giza iliyokatiza picha. Baki kwenye 1/100, au 1/50 kama mtu ametulia.

Hatua ya 3: Kamera. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 inatosha kabisa (namba ya f huonyesha uwazi wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia). Anzia f/2.8, 1/100, ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), faili za RAW (picha ghafi), na fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Mwanga upange mwenyewe. Ukuta wa giza na fulana nyeusi huifanya kamera iongeze mwanga kupita kiasi, na hapo paji la uso lenye jasho linaungua. Kuza picha kwenye skrini, tazama paji na ncha ya pua. Pakiwa peupe tupu, punguza. Usihangaike kuing'arisha ngozi nyeusi. Mng'ao wa jasho ukipigwa na mwanga wa pembeni huchora taya, shingo na bega vizuri kuliko poda yoyote.

Hatua ya 4: Kioo. Kifute, kisha simama mshazari ili usionekane wewe na begi lako.

Hatua ya 5: Flashi, ukiwa nayo. Moja tu, nyuma ya mwavuli mweupe, pembeni ya mtu kwa nyuzi 45 na juu kidogo ya kichwa chake. Weka 1/200, f/5.6, ISO 200. Tyubu karibu zitapotea na chumba kitaingia gizani. Juu ya mguu wa stendi weka sahani ya chuma ya kilo 10, maana watu wanapita na vyuma.

Hatua ya 6: Subiri apumzike. Hapa ndipo potreti nyingi za jimu huharibika: mtu anaambiwa akaze misuli, anabana pumzi, na uso wote unakauka. Mwache apige seti yake. Akishaweka dambeli chini na kukaa kwenye benchi, viwiko magotini, pumzi bado inamwenda mbio, hapo piga, maana sura ni yake mwenyewe. Sogea pia upige viganja: sugu chini ya vidole, chaki iliyoganda kwenye mikunjo. Ukitaka ageuke, mwambie kwa upole, "Kaka, tazama dirishani kidogo," au "Dada, shusha mabega."

Kabla hajarudi kwenye seti nyingine, mwonyeshe ulichopata. Asiyoipenda ifute mbele yake, na muulize ipi inaruhusiwa kuwekwa mtandaoni.